Daktari Katika Maabara ya Angani: Maisha na Kazi ya Mae Jemison

Asubuhi ya tarehe 12 Septemba, 1992, chombo cha anga kiitwacho Endeavour kilirushwa kutoka Kituo cha Anga cha Kennedy, katika jimbo la Florida, Marekani, kikiwa na watu saba ndani yake. Miongoni mwao alikuwamo daktari mwenye umri wa miaka 35, jina lake Mae Carol Jemison. Kwa safari hiyo alikuwa mwanamke wa kwanza mweusi kufika katika anga za juu.

Sifa hiyo ya kuwa wa kwanza ndiyo ikumbukwayo na watu wengi. Mwanafunzi wa sayansi, hata hivyo, yampasa aulize zaidi. Je, daktari alikuwa na kazi gani huko juu, mahali pasipo na hospitali wala wagonjwa? Alijitayarisha kwa njia gani? Na kazi aliyoifanya huko kwa siku nane ilitufundisha nini juu ya viumbe wenye uhai? Makala haya yanakusudia kuyajibu maswali hayo.

WANAWAKE WALIOMTANGULIA

Mwanamke wa kwanza kabisa kuizunguka Dunia kwa chombo cha anga alikuwa Valentina Tereshkova wa Muungano wa Kisovieti, mfanyakazi wa kiwanda cha nguo aliyekuwa amejifunza kuruka kwa mwavuli kutoka kwenye ndege. Alirushwa tarehe 16 Juni, 1963, katika chombo Vostok 6, akaizunguka Dunia mara 48 kwa muda wa karibu saa 71, akiwa peke yake. Baada yake ilipita miaka 19 kabla ya mwanamke mwingine, Svetlana Savitskaya, wa Muungano wa Kisovieti vilevile, kwenda angani mwezi Agosti 1982.

Kwa upande wa Marekani, mwanzoni wanaanga walichaguliwa miongoni mwa marubani wa kijeshi waliokuwa wakijaribu ndege mpya, na wanawake hawakuwa na nafasi katika kazi hiyo. Mlango ulifunguliwa mwaka 1978, wanawake sita walipokuwa miongoni mwa wanaanga wapya 35. Mmoja wa hao sita, mwanafizikia Sally Ride, alisafiri angani mwezi Juni 1983. Habari za safari hiyo zilimfikia Mae Jemison na kumthibitishia kwamba jambo alilolitamani tangu utoto halikuwa ndoto tupu.

UTOTO NA MASOMO

Mae Jemison alizaliwa tarehe 17 Oktoba, 1956, katika mji wa Decatur, jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani, akiwa mtoto wa mwisho kati ya watatu. Baba yake, Charlie, alikuwa msimamizi wa matengenezo ya majengo, na mama yake, Dorothy, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Wakati huo sheria na desturi za kusini mwa Marekani ziliwatenga watu weusi na weupe hata katika shule. Mae alipokuwa na umri wa miaka mitatu, wazazi wake walihamia Chicago ili watoto wao wapate elimu bora zaidi.

Alipokuwa katika darasa la watoto wadogo, mwalimu wake alimwuliza angependa kuwa nani atakapokuwa mtu mzima. Mae akajibu kwamba angependa kuwa mwanasayansi. Mwalimu akamwuliza kama hakukusudia kusema muuguzi. Uuguzi ni kazi yenye heshima kubwa. Kosa lilikuwa ni kudhani kwamba msichana mdogo mweusi hana budi kutaja kazi nyingine kuliko ile aliyoitaja. Mtoto huyo hakulibadili jibu lake.

Nyumbani alipata msaada wa namna nyingine. Siku moja alichomwa na kibanzi kidoleni, na kidole kikatunga usaha. Mama yake aliigeuza ajali hiyo kuwa somo: alimtaka mtoto achunguze mwenyewe usaha ni kitu gani na hutokana na nini. Hivyo Mae alijifunza mapema kwamba sayansi haianzii katika maabara yenye vyombo vya thamani, bali katika jambo lo lote linalomfanya mtu aulize sababu yake.

Mwaka 1973, akiwa na umri wa miaka 16 tu, aliingia Chuo Kikuu cha Stanford katika jimbo la California. Wanafunzi weusi katika masomo ya uhandisi walikuwa wachache sana, naye ameeleza baadaye kwamba baadhi ya walimu walimchukulia kana kwamba hayumo darasani. Mwaka 1977 alipata digrii ya uhandisi wa kemia, na pamoja nayo alikuwa ametimiza masomo ya digrii nyingine, ya mambo ya Afrika na ya Wamarekani wenye asili ya Kiafrika. Kisha akasomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Cornell, akahitimu mwaka 1981. Alipenda sana kucheza dansi, na katika lugha alizojifunza kimo Kiswahili, pamoja na Kirusi na Kijapani.

DAKTARI KATIKA AFRIKA

Alipokuwa bado mwanafunzi wa udaktari, Jemison alikwenda Kuba kwa uchunguzi wa mambo ya afya, akatibu wakimbizi wa Kambodia katika kambi iliyokuwa Thailand, na akafanya kazi katika Afrika ya Mashariki pamoja na madaktari wanaosafiri kwa ndege ndogo kwenda kutibu watu walio mbali na hospitali.

Kutoka mwaka 1983 hadi 1985 alikuwa daktari wa shirika la kujitolea la Marekani liitwalo Peace Corps, katika nchi za Sierra Leone na Liberia. Kazi yake haikuwa kutibu peke yake. Alisimamia maabara na dawa, akaandika miongozo ya afya, na akashiriki katika utafiti juu ya chanjo ya homa ya ini aina ya B, ugonjwa wa kichocho na kichaa cha mbwa.

Tukio moja la wakati huo laonyesha tabia yake kazini. Mfanyakazi mmoja wa kujitolea aliugua, na daktari mwingine akasema kwamba ni malaria. Hali ya mgonjwa ilizidi kuwa mbaya. Jemison, alipozitazama dalili, aliona kwamba ugonjwa ulikuwa homa ya uti wa mgongo, na kwamba mgonjwa asingeweza kuokolewa kwa vifaa vilivyokuwapo pale. Akaagiza ndege ya hospitali ya jeshi la Marekani ije kutoka Ujerumani, kwa gharama ya dola 80,000. Wakubwa wa ubalozi walihoji kama alikuwa na madaraka ya kutoa agizo kama hilo. Naye akawajibu kwamba hakuhitaji kibali cha mtu ye yote kwa uamuzi wa kitabibu. Kabla ya mgonjwa kufikishwa Ujerumani, Jemison alikuwa amekaa naye kwa saa 56. Mgonjwa huyo alipona. Wakati huo daktari mwenyewe alikuwa hajatimiza miaka 30.

KUINGIA KATIKA KUNDI LA WANAANGA

Aliporudi Marekani, Jemison alifanya kazi ya udaktari katika mji wa Los Angeles huku akihudhuria masomo zaidi ya uhandisi. Mwaka 1985 alipeleka maombi ya kuwa mwanaanga. Lakini tarehe 28 Januari, 1986, chombo cha anga Challenger kiliharibika hewani sekunde 73 baada ya kurushwa, na watu wote saba waliokuwamo wakafa. Uchaguzi wa wanaanga wapya ulisimamishwa.

Uchaguzi ulipoanza tena, kila mwombaji alikuwa ameiona hatari ya kazi hiyo kwa macho yake. Jemison, ambaye utotoni alikuwa akiogopa hata mahali pa juu, aliomba kwa mara ya pili. Mwezi Juni 1987 alichaguliwa kuwa mmoja wa wanaanga 15, kutoka miongoni mwa waombaji wapatao 2,000.

Kuchaguliwa hakukuwa mwisho wa masomo. Kwa miaka mitano alifanya mazoezi pamoja na kazi za ardhini, zikiwamo za kukagua vigae vinavyokikinga chombo na joto kali wakati wa kurudi, na kuthibitisha programu za kompyuta zinazokiongoza. Mwaka 1989 alipangiwa safari ya pamoja ya Marekani na Japani, ambayo ndani ya Endeavour ingekuwa na maabara kamili iitwayo Spacelab-J.

KWA NINI VITU HUELEA ANGANI?

Kabla ya kuyaeleza majaribio yenyewe, yafaa kuondoa kosa moja linalosikika mara nyingi madarasani. Husemwa kwamba wanaanga huelea kwa sababu huko juu hakuna nguvu ya uvutano wa Dunia. Jambo hilo si kweli. Endeavour ilisafiri katika kimo cha karibu kilometa 300, na katika kimo hicho nguvu ya uvutano ni kama asilimia 91 ya ile tuliyo nayo hapa chini. Kama nguvu hiyo isingalikuwapo, chombo kingalikwenda moja kwa moja na kupotea mbali, kisingaliizunguka Dunia.

Ukweli ni kwamba chombo hicho huanguka wakati wote. Katika sekunde moja huanguka kuelekea Dunia kwa karibu mita 4.5. Lakini katika sekunde hiyo hiyo husonga mbele kwa karibu kilometa 7.7, na kwa kuwa Dunia ni mviringo, uso wake nao hupinda na kushuka kwa kiasi hicho hicho. Kwa hiyo chombo huanguka bila kuikaribia ardhi. Watu na vitu vilivyomo ndani huanguka pamoja nacho kwa kasi ile ile, na hakuna kinachokandamiza kingine. Hali hiyo ndiyo iitwayo hali ya kutokuwa na uzito.

Jambo hili laweza kuonyeshwa shuleni kwa kopo tu. Toboa tundu dogo ubavuni mwa kopo, karibu na kitako chake, uzibe tundu kwa kidole na ujaze maji. Ukiondoa kidole, maji yatachuruzika, kwa sababu uzito wa maji yaliyo juu unayasukuma yale yaliyo chini. Sasa mwanafunzi apande juu ya meza iliyo imara na aliachie kopo lianguke ndani ya ndoo. Wenzake watazame kwa makini: wakati kopo linapoanguka, maji hayatoki katika tundu. Kopo na maji yanaanguka pamoja, kwa hiyo maji hayalikandamizi kopo. Wanafunzi huiona hali hiyo kwa muda mfupi sana. Jemison na wenzake waliishi ndani yake kwa siku saba na saa zaidi ya 22, wakiizunguka Dunia mara 127, yaani mara moja katika kila dakika 90 hivi.

VYURA WANNE

Katika maabara ya Endeavour yalifanywa majaribio zaidi ya 40, mengine juu ya madini na vioo, mengine juu ya viumbe hai. Wanaanga walijigawa katika zamu mbili ili kazi isisimame mchana wala usiku. Miongoni mwa majaribio aliyoyashughulikia Jemison, moja lilihusu vyura majike wanne wa jamii inayopatikana kusini mwa Afrika, wenye kucha katika vidole vya miguu ya nyuma. Chura huyo ni rafiki wa siku nyingi wa madaktari. Kuanzia miaka ya 1930 alitumika katika hospitali nyingi kupima kama mwanamke ana mimba.

Swali lilikuwa hili: Je, yai la mnyama mwenye uti wa mgongo laweza kukua sawasawa bila uzito? Swali hilo lina msingi. Yai la chura lina upande mmoja mweusi na upande mwingine mweupe wenye kiini kizito. Hapa duniani, mara yai linapotungishwa, hugeuka ndani ya utando wake hata upande mzito ukawa chini na ule mweusi ukawa juu. Wataalamu walitaka kujua kama kugeuka huko, kunakosababishwa na uvutano, ni sharti la kiinitete kupata kichwa, mgongo na tumbo mahali panapostahili.

Vyura walichomwa sindano ya homoni ili watage, na mayai yao yakatungishwa humo humo angani. Kisha mayai yakagawanywa mafungu mawili. Fungu moja liliachwa katika hali ya kutokuwa na uzito. Fungu la pili liliwekwa katika mashine iliyozunguka kwa kasi, ili yapate msukumo ulio sawa na uzito wa duniani. Mwalimu atatambua mara moja sababu ya kufanya hivyo. Kama mayai yote yangeachwa yakielea, na mengine yakaharibika, nani angejua kama yameharibiwa na ukosefu wa uzito au na mtikisiko wa kurushwa? Fungu la pili lilipitia kila kitu ambacho fungu la kwanza lilipitia, isipokuwa kitu kimoja tu. Hivyo ndivyo jaribio la haki linavyotakiwa kuwa.

Matokeo yalikuwa wazi. Mayai yaliyokuwa bila uzito yaligawanyika, yakawa viinitete, na viinitete vikawa viluwiluwi wanaoogelea. Tofauti kadhaa zilionekana katika hatua za mwanzo, lakini nyingi zilijirekebisha zenyewe kadiri viumbe hao walivyokua. Tofauti moja yastahili kutajwa. Kwa kawaida kiluwiluwi huja juu ya maji kuvuta hewa na kuyajaza mapafu yake. Angani maji hayana juu wala chini, na viluwiluwi hawakuweza kuipata hewa. Mapafu yao yakabaki yamesinyaa. Waliporudishwa duniani, waliipata hewa wakaendelea vizuri. Basi ilidhihirika kwamba umbo la mnyama huyo haliutegemei uzito katika siku zake za kwanza, ingawa mwenendo wake unautegemea.

MIFUPA, KICHEFUCHEFU NA MAJI YA MISHIPANI

Jemison alikuwa pia mmoja wa watafiti wa jaribio juu ya chembe hai za mifupa. Mfupa si kitu kilichokufa kama jiwe. Kila siku chembe nyingine huujenga na nyingine huubomoa, na uzito wa mwili ndio unaouamuru mfupa ubaki na nguvu. Mwanaanga anapokaa bila uzito, mifupa yake ya nyonga na miguu hupoteza karibu asilimia 1 ya madini yake, au zaidi, kwa kila mwezi. Kuelewa jambo hilo kwawafaa pia wazee, na wagonjwa waliolala kitandani kwa muda mrefu, ambao mifupa yao hudhoofika vivyo hivyo.

Jaribio jingine lilihusu kichefuchefu kinachowapata wanaanga wengi katika siku za kwanza. Jemison alikuwa amezoezwa kuyatuliza mapigo ya moyo wake na pumzi yake kwa kuvitazama vipimo vya mwili wake mwenyewe, ili ijulikane kama mtu aweza kujizuia asitapike bila kutumia dawa. Katika jaribio hilo mtafiti ndiye aliyekuwa mtu anayechunguzwa.

Tena alishiriki katika kazi ya kutengeneza kutoka maji ya kawaida maji safi yanayoweza kutiwa katika mishipa ya mgonjwa, yale ambayo watu huyaita dripu. Katika chombo cha anga haiwezekani kuchukua shehena kubwa ya chupa. Mtu aliyekwisha kusimamia dawa katika Sierra Leone alilijua tatizo hilo vizuri, kwani zahanati iliyo mbali na bohari ya dawa nayo hukabiliwa na shida ya namna hiyo.

Jemison alichukua baadhi ya vitu vya kumbukumbu katika safari hiyo. Kimoja kilikuwa picha ya Bessie Coleman, mwanamke wa kwanza Mmarekani mweusi kupata leseni ya urubani, mwaka 1921. Kingine kilikuwa sanamu ya chama cha wanawake cha Bundu cha Sierra Leone. Alieleza kwamba alitaka wawakilishwe watu ambao mara nyingi huachwa nje. Na mahali pa kwanza alipopatambua alipotazama chini kutoka angani palikuwa Chicago, mji aliokulia.

BAADA YA SAFARI

Endeavour ilitua tarehe 20 Septemba, 1992. Watu wengi walitazamia kwamba Jemison angesafiri tena, lakini mwezi Machi 1993 aliacha kazi ya uanaanga. Aliona kwamba maarifa aliyoyapata yangeweza kuwafaa watu wa duniani. Alianzisha kampuni ya kutafuta njia za kutumia teknolojia katika maisha ya kila siku, ikiwamo mipango ya kutumia setelaiti kuimarisha huduma za afya katika Afrika ya Magharibi. Alifundisha mambo ya mazingira katika Chuo cha Dartmouth, na kuanzia mwaka 1994 akaendesha kambi za sayansi kwa vijana, chini ya mfuko aliouita kwa jina la mama yake. Mwaka 2012 alipewa uongozi wa mradi wa kuchunguza jinsi binadamu atakavyoweza, katika muda wa miaka 100, kujitayarisha kusafiri hadi nyota nyingine.

Maisha ya Mae Jemison yanaonyesha kwamba safari ya siku nane angani ilitayarishwa kwa miaka mingi: katika somo la usaha jikoni kwa mama yake, katika hesabu za uhandisi, na kando ya kitanda cha mgonjwa ambaye wengine walidhani ana malaria. Katika kila mahali alifanya jambo moja: aliangalia dalili zenyewe, wala hakuridhika na jibu alilopewa tayari. Tabia hiyo haihitaji roketi. Yaweza kufundishwa katika shule yo yote yenye kopo, maji na mwalimu asiyemwambia mwanafunzi kwamba jibu lake halimfai.

MASWALI YA KUJADILIWA DARASANI

1. Eleza kwa nini si sahihi kusema kwamba katika kimo cha kilometa 300 hakuna uvutano.

2. Kama kopo la maji lenye tundu lingerushwa juu badala ya kuachiwa lianguke, je, maji yangetoka wakati linapopanda? Jaribuni, kisha mweleze sababu.

3. Katika jaribio la vyura, fungu la pili la mayai lilikuwa na kazi gani? Tungeni jaribio juu ya kuota kwa maharagwe lenye mafungu mawili ya namna hiyo.

4. Taja kazi mbili za daktari angani ambazo matokeo yake yaweza kumsaidia mgonjwa aliye kijijini.